Jakamoyo Linaporudi: Mdogo Wetu Kati ya Migori na Homa Bay



Mama yetu alifariki asubuhi ya Alhamisi moja ya Septemba 2024, akazikwa siku iyo hiyo baada ya swala ya Alasiri. Sisi watoto wake watatu tulioko Mombasa tulikuwepo. Wa nne, kitinda mimba wetu, alikuwa Migori, na kutoka Migori hadi Mombasa ni safari ya usiku na mchana: basi la kupitia Kisii na Narok hadi Nairobi, kisha mteremko mrefu wa kuja pwani. Alifika Ijumaa jioni akatukuta tumeshakaa tanga. Hatukumngoja. Sunna ni kuharakisha maziko, na hatusemi leo kwamba tulikosea kuzika mapema. Twasema tu kwamba mambo haya tunayoyaandika yalianzia hapo.

Mdogo wetu ametupa ruhusa ya kuyaandika kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na jina la dawa yake lisitajwe. Hilo la pili ameliweka kwa hekima. Anasema dawa ikitajwa katika jarida, kesho yake atatokea mtu wa kuinunua dukani kwa jina, kama anavyonunua Panadol.

Maradhi yenyewe hayakuwa mageni. Yalimwanza mwaka 2016, punde baada ya arobaini ya mtoto wake wa pili, hapa hapa Mombasa alikokuja kujifungulia. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, pumzi zikawa fupi, vidole vikafa ganzi, naye akawa na yakini kwamba anakata roho. Tulikimbizana naye hospitalini mara tatu tukidhani ni moyo. Moyo ukapimwa ukaonekana mzima. Daktari wa nne ndiye aliyeuliza maswali mengine. Akamwandikia kidonge kimoja kwa siku, cha jamii ya zile dawa zinazotibu huzuni kuu, ambayo wataalamu huiita sonona, na ambazo hutibu hofu vilevile. Akamwonya asitazamie nafuu kabla ya wiki kadhaa. Baada ya mwezi na nusu alianza kucheka tena. Akarejea kwa mumewe, wakafungua duka la nguo mjini Migori, na kwa miaka minane kidonge kile kikawa kama mswaki: kitu cha kila asubuhi kisicho na habari.

Huyo shemeji yetu ni mtu wa Kendu Bay. Twaeleza kidogo, maana wengi wetu wa pwani hudhani Uislamu wa nchi hii ukivuka Nairobi umekwisha. Kendu Bay ni mji wa kale wa Kiislamu kandokando ya ziwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi walifika huko zamani, Waluo wengi wakasilimu, na msikiti wake mashuhuri unaitwa Tawakal. Hussein Onyango Obama, babu yake yule aliyekuwa Rais wa Marekani, asili yake ilikuwa pande hizo kabla ya kuhamia Kogelo. Basi mdogo wetu anaishi Migori na mavyaa yake yuko Kendu Bay, na njia baina ya nyumba hizo mbili hupita Rongo na mji wa Homa Bay. Njia hiyo tutairudia.

Dalili ya kwanza hatukuiona sisi. Aliiona wifi yake. Mdogo wetu alianza kukawia kwenye udhu. Huosha mkono, huutazama, huuosha tena, hata siku nyingine jua likachomoza naye yuko bombani na Alfajiri imempita. Kisha simu. Simu ndiyo iliyomletea habari za mama, na tangu siku hiyo kila inapolia hushika kifua kabla ya kuishika. Usingizi ukapungua. Akawa hawezi kukaa peke yake dukani mchana mweupe. Alijua lililomfika, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulijua, na hilo ndilo lililomvunja zaidi. Anasema mara ya kwanza mtu huogopa maradhi, mara ya pili huogopa kwamba dawa imemsaliti na hakuna kilichobaki.

Februari 2025 alikuwa ndani ya matatu akitoka Rongo kwenda Homa Bay, mtoto mapajani, anakwenda kumwamkia mavyaa. Walipokaribia Rodi Kopany alimwomba dereva asimamishe. Akashuka, akakaa chini kando ya wanawake wauzao viazi vitamu, hawezi kusema. Mmoja wao, mtu mzima, akampa maji, akamshika kifundo cha mkono kwa muda, akamwambia kwa Kidholuo, "Mano parruok, nyathina." Hiyo ni parruok, mwanangu.

Neno hilo tumelifikiria sana tangu alipotusimulia. Kidholuo cha parruok kimetokana na paro, kufikiri. Ni fikira zinazomrudia mwenyewe. Hakuna shetani ndani yake, wala lawama. Sisi neno letu la kila siku ni wasiwasi, na wasiwasi ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, la shina moja na lile la mnong'onezaji tunayejikinga naye katika Suratu-Naas. Kwa hiyo mwanamke wa pwani anaposema "nina wasiwasi", masikio yetu husikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba ana hofu, na kwamba Ibilisi amempata mahali. La kwanza lataka daktari. La pili twadhani lataka toba. Na hali wazee wetu walikuwa na maneno mengine kwa ajili ya hili la kwanza: jakamoyo, wahaka, fadhaa. Hayo humtaja mgonjwa bila kumtaja mkosaji. Tungependa yarudi majumbani mwetu.

Kwa sababu sisi tulimtibu kwa lile neno la wasiwasi. Haya ni yetu, na twayasema wenyewe kabla hayajasemwa na mwingine. Tulimwambia kwenye simu azidishe nyiradi, na nyiradi ni kheri isiyo na shaka, lakini tulimwambia kama mtu anayemlipisha mwenzake deni. Tulimwambia mama yuko pema, kwa nini anamsumbua kwa machozi. Na mmoja wetu, anajijua, alimwuliza: "Miaka minane unameza dawa, na bado?"

Bado. Neno moja hilo lilimfanya atende mambo mawili yanayopingana. Siku nyingine aliiacha dawa kabisa ili aipime imani yake. Siku nyingine, akiona giza, alimeza viwili. Usiku akaazima kwa jirani vidonge vya diazepamu, ambavyo hutuliza upesi, na ndiyo hatari yake, maana mwili huvizoea katika wiki chache tu, na ukivikosa ghafla hofu hurudi kwa kishindo kuliko mwanzo.

Wale wanaodhani kwamba moyo uliojaa imani haupatwi na haya, na wasome habari za mama yake Nabii Musa katika Suratul-Qasas. Alikuwa amepewa ahadi na Mola wake kwamba mtoto atarudishwa, na pamoja na ahadi hiyo moyo wake ulikuwa mtupu, hata akakaribia kuifichua siri, lau kama Mwenyezi Mungu hakuufunga moyo ule kwa uthabiti. Hakukemewa. Na Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yakawa meupe kwa huzuni. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alitufundisha dua ya kujikinga na hamu na huzuni; asingetufundisha kujikinga na kitu kisichompata muumini. Na aliyemwuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kuwa anamtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Twapata ladha ya pekee kwamba msikiti wa Kendu Bay unaitwa Tawakal.

Wala si jambo jipya kwa wanavyuoni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, akatenga ndani yake hofu, huzuni, hasira na fikira zinazomshika mtu bila kumwachia, kila moja na matibabu yake. Alilaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuisahau nafsi. Na alitoa shauri moja linalotufaa leo: kama vile mtu mzima wa afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, na aweke akiba ya fikira njema siku ya utulivu, apate kuitumia siku moyo utakapochafuka. Hakumtaka mgonjwa azitafute fikira hizo akiwa tayari anazama.

Na lile swali la "bado?" lina jibu la kitaalamu. Mwaka 2017 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mkusanyo wa majaribio 28 yaliyohusu watu 5,233 wenye maradhi ya hofu waliopata nafuu kwa dawa za jamii hii. Baadhi yao waliendelea na dawa, wengine wakapewa kidonge kitupu bila kujua. Katika muda usiozidi mwaka, maradhi yaliwarudia watu kama 36 kati ya kila 100 walioachishwa, na kama 16 kati ya kila 100 walioendelea. Tazameni pande zote mbili za hesabu hiyo. Dawa ilikinga watu wengi. Lakini hata kwa waliomeza kama walivyoagizwa, kurudi kwa maradhi ni jambo lililokuwamo katika hesabu. Aliyerudiwa si mzembe, wala dawa yake si maji.

Sasa twende Kendu Bay, kwa Dani. Dani ni neno la kumwita nyanya, na mdogo wetu humwita hivyo mama mmoja jirani wa mavyaa yake, Mwislamu, mjane, ambaye hafichi kwamba anaishi na Virusi vya Ukimwi na anameza dawa tangu mwaka 2004. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na maradhi hayo katika Kenya. Lakini pia Homa Bay ndiko, mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya umma, wakati ambapo wengi duniani walisema Waafrika hawataweza kufuata saa za kumeza dawa. Waliweza. Watu wa ziwani wana zaidi ya miaka ishirini ya kujua kitu ambacho sisi wa pwani, pamoja na elimu yetu ya kale, hatujakijua vizuri: namna ya kuishi na kidonge cha kila siku bila aibu.

Siku ile ya Rodi Kopany mdogo wetu alifikishwa Kendu Bay na gari jingine, akalala hapo. Jioni Dani alikuja. Hakumwuliza habari za swala. Aliuliza: unameza saa ngapi? Unakosa mara ngapi kwa mwezi? Umewahi kuzikata? Mdogo wetu akalia. Kumbe tangu Mei 2024, miezi minne kabla ya kifo cha mama, bei ya dawa ilipopanda, alikuwa anakikata kidonge nusu ili paketi imalize miezi miwili. Hakumwambia mume wala sisi. Dani hakushangaa. Akamwambia kwamba katika kliniki yao vidonge huhesabiwa, na anayekosa haitwi mwasi. Huulizwa ni kitu gani kilichomzuia, nauli, njaa, au mume. Kisha akasema maneno ambayo mdogo wetu ametusomea sisi kwenye simu kama hati ya mashtaka: "Miaka 21 nameza, na hakuna aliyeniambia bado. Huniambia hongera."

Dani naye alikuwa na lake mwezi ule. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na fedha hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya huduma za Ukimwi pande za ziwani. Hofu aliyoisahau tangu mwaka 2004 ilimrudia. Alikuwa akimimina vidonge vyake mezani usiku na kuvihesabu, akivirudisha, akivihesabu tena. Walikaa wanawake wawili, mmoja anaogopa kwa kuwa kuna jambo la kuogopa, mwingine anaogopa na hakuna jambo. Daktari angetofautisha hofu hizo mbili, na ni haki yake. Kifua lakini hudunda vilevile, na Dani ndiye aliyesema watakwenda kliniki pamoja Jumatatu.

Mhudumu aliyempokea mdogo wetu hakuwa daktari bingwa. Alikuwa muuguzi wa afya ya akili, kijana, katika hospitali ya serikali. Alitumia saa nzima. Aliomba damu ipimwe, maana tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na jasho, ikadhaniwa ni hofu, na upungufu wa damu huleta pumzi fupi. Tezi ilikuwa salama. Damu ilikuwa chache, kwa hedhi nyingi asizomwambia mtu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Aliuliza kahawa. Mdogo wetu ni mtoto wa Mombasa: vikombe vitano vya kahawa tungu kabla ya Adhuhuri, na vingine baada yake. Aliambiwa apunguze kidogo kidogo. Aliuliza kuhusu msiba. Hapo ndipo ilipotoka habari ya kaburi alilolikuta limezibwa.

Alieleza vilevile jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike. Mtu akiziacha ghafla dawa za jamii hii anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali na mishtuko kama ya umeme kichwani, na kwa kawaida haya huja katika siku chache. Kurudi kwa maradhi yenyewe aghalabu huja polepole, kwa wiki nyingi. Mengi aliyokuwa akiyapata mdogo wetu katika zile siku za kumeza na kutomeza yalikuwa ya aina ya kwanza, naye alidhani ni ya pili. Kwa hiyo muuguzi, baada ya kushauriana na daktari, hakuongeza dawa wala kuibadilisha. Alimrudisha kwenye kidonge kizima kila siku, akampangia namna ya kuachana na zile za jirani kwa kupunguza, akamwambia warudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya sita. Kuongeza au kubadilisha kungefikiriwa hapo.

Lakini dawa ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa barabara.

Mdogo wetu alikuwa ameapa hatapanda tena matatu ya Homa Bay. Muuguzi akamweleza kwamba fadhaa ya ghafla hupanda, hufika kilele katika dakika kama kumi, kisha hushuka yenyewe, hata kama mtu hakufanya lolote. Anayeshuka garini kabla ya kilele hujifunza kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa, na kesho ataogopa zaidi. Basi wakapanga, yeye na wifi yake. Wiki ya kwanza Migori hadi Rongo, wanashuka, wanakunywa maji, wanarudi. Alipofanya hivyo mara tatu bila kukimbia, wakasonga hadi Rodi Kopany. Pale aliwatafuta wale wauza viazi. Yule mama mtu mzima hakuwepo siku hiyo, akanunua viazi kwa mwenzake. Kisha Homa Bay mjini. Kisha safari ile ile, wifi amekaa kiti cha nyuma badala ya pembeni yake. Kisha peke yake. Mara mbili hofu ilimpata njiani ikamtikisa, akabaki kitini akihesabu pumzi, kutoa ndefu kuliko kuvuta, huku ulimi ukisoma istighfari. Zote mbili zilishuka. Shemeji yetu, ambaye si mtu wa maneno, alilipa nauli zote hizo za kwenda na kurudi bila kuuliza faida.

Ng'ambo ya ziwa lilo hilo, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Vijiji 30 vilihusishwa. Wanawake na wanaume wenye sonona katika baadhi ya vijiji walikaa vikundi mbalimbali, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa maeneo hayo hayo waliofunzwa wiki mbili tu. Nafuu yao ilikuwa kubwa mno kuliko ya vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Ule ulihusu huzuni, si hofu, na hatutaki kuuvuta usipofika. Ila twauliza: darsa zetu za akina mama za kila wiki, ambazo tayari zina siku, mahali na chai, zingepungukiwa na nini lau robo saa ingetengwa kwa mwenye jakamoyo aseme?

Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Machi. Miaka ya nyuma mdogo wetu alikuwa akiruka dawa siku nyingi za mfungo, kwa kuwa aliizoea asubuhi, na daku humpitia usingizini. Safari hii aliuliza kabla. Dawa yake ni ya mara moja kwa siku, ikahamishiwa baada ya futari, na akafunga. Si kila dawa huhamishika hivyo. Zile za mara tatu kwa siku, na hasa lithiamu, ambayo kiwango chake katika damu hupanda hadi kwenye hatari mwili ukikosa maji, zataka shauri la daktari kabla mwezi haujaandama. Na mgonjwa aliyeambiwa ale, Mola wake amemruhusu ale. Tumesikia majumbani maneno ya kumsimanga anayekula kwa maradhi yasiyoonekana. Figo nazo hazionekani.

Jambo moja la hatari hatulipiti. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wako waliokuwa wakificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Mdogo wetu hakufika huko, alhamdulillahi, lakini sisi hatukuwahi kumwuliza, na tulipaswa kumwuliza.

Imebaki habari ya simu, ambayo ni yetu zaidi kuliko yake.

Tulipojua kwamba kila mlio wa simu unamtisha, tulijiona werevu. Tukakubaliana kwamba hatutampigia kabla ya kumtumia ujumbe wa neno moja: "Salama". Akiuona, hupokea bila kushika kifua. Tulifanya hivyo miezi miwili, nasi tukafurahi kwamba hatimaye tumemfaa. Alipomsimulia muuguzi, muuguzi alitikisa kichwa. Alisema ndugu zako wanakupenda, lakini wameifundisha roho yako kwamba simu isiyotanguliwa na ujumbe ni ya msiba. Akashauri ujumbe upunguzwe: kwanza simu moja kati ya tatu ije bila kutangazwa, kisha mbili, kisha zote.

Kumbe ni vigumu kwetu kuliko kwake. Mara ya kwanza tulipompigia bila ujumbe tulikuwa tumekaa sote watatu kwenye kitanda cha mama, simu katikati yetu, na mikono iliyotetemeka ilikuwa yetu. Hakupokea. Tulipiga tena baada ya Isha, akapokea akitweta, akasema tu "Nimo", akakata.

Shawwal tulisafiri sisi kwenda kwake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Twaandika hilo tukiona haya. Alitupeleka Kendu Bay kwa njia ile, yeye akiwa kiti cha mbele. Tulimwona Dani. Vidonge vyake viliendelea kupatikana, ingawa sasa hupewa vya muda mfupi kuliko zamani, na bado huvihesabu, mara moja usiku, si mbili. Mdogo wetu hajapona kwa maana ya kusahau. Udhu humchukua muda kuliko sisi. Siku ambazo matatu imejaa sana huiacha ipite, akangoja ya pili, na muuguzi anajua.

Juzi Jumanne tulimpigia mchana bila ujumbe wowote. Simu ililia mara tano. Kulikuwa na mteja dukani. Tulimsikia akitaja bei ya leso, akikataa kupunguza, akacheka, kisha akatuuliza nani anakuja huko karibuni, maana achari ya maembe imemwishia.